Kanga Moja ya Mtaa: Mwongozo Kamili wa Kuendesha Warsha ya Batiki kwa Jamii

Warsha nyingi za batiki za mitaani huharibika kwa sababu zisizohusiana kabisa na usanii. Maji huisha saa 5 asubuhi, jiko moja hugombewa na watu kumi na wawili, na kitambaa kilichotakiwa kupakwa nta huwa bado kibichi kambani huku washiriki wakiangaliana. Mwalimu huja na ratiba yake ya saa mbili au tatu, ilhali kitambaa nacho kina ratiba yake: kinafuliwa, kinakauka, kinapakwa nta, kinapoa, kinachovywa, kinapigwa na upepo, kinachemshwa, kisha kinakauka tena. Katika miaka ambayo nimekuwa nikiendesha warsha hizi kwenye ua wa nyumba mtaani kwetu Tanga, nimejifunza kwamba ratiba ya kitambaa ndiyo ifuatwe, na ya mwalimu ijipange nyuma yake. Mwongozo huu umeandikwa kwa mpangilio huo, na unamfaa mtu mwenye ujuzi wa kutosha wa batiki ambaye hajawahi kuwakusanya majirani kumi na tano wakaifanya pamoja.

Mradi ninaoupendekeza ni mmoja: kutengeneza kanga kubwa ya mtaa mzima, yenye pindo la kuzunguka, mji wa katikati na jina, yaani maneno yake, itakayotundikwa ukutani. Nimejaribu warsha ambazo kila mtu hutengeneza kitambaa chake na kuondoka nacho, na tatizo lake ni kwamba wenye mkono mzuri huendelea mbele, huku wanaoanza wakiacha kuja kuanzia siku ya pili. Kanga haina tatizo hilo, kwa kuwa sehemu zake tatu zinahitaji stadi tatu tofauti. Pindo litatengenezwa kwa kufunga kitambaa kwa uzi kabla ya kukitia rangi, kazi ambayo hata asiyewahi kushika rangi anaiweza. Mji utapakwa nta, nao ni wa wenye subira. Na jina litadariziwa kwa mkono, jambo linalowapa nafasi bibi na shangazi zetu ambao hawataki kabisa kukaribia moshi wa jiko.

Kupima kanga kabla ya kununua kitambaa

Fanya hesabu hii kwenye karatasi kwanza. Mji utakuwa na vipande 30, sita kwenda upana na vitano kwenda chini. Kila kipande kikatwe sentimita 34 kwa 34, lakini mchoro ukae ndani ya sentimita 30 kwa 30, ili zibaki sentimita 2 za mshono kila upande. Vikishaunganishwa, mji utakuwa na upana wa sentimita 180 na kimo cha 150. Chini yake unaongezwa ukanda wa jina wenye kimo cha sentimita 15, kisha pindo la sentimita 20 kuzunguka pande zote nne. Kanga nzima itakuwa na upana wa sentimita 220 na kimo cha sentimita 205, ambao ni ukubwa unaokaa vizuri kwenye ukuta wa ofisi ya serikali ya mtaa au wa darasa.

Ukiwa na washiriki 15, kila mmoja anapata vipande viwili vya mji. Usiongeze idadi hiyo kwa mara ya kwanza, na usithubutu kuendesha peke yako: wanahitajika wasimamizi wawili, mmoja wa moto na mmoja wa rangi, na hao wasifanye kazi nyingine yoyote siku hizo.

Kitambaa kiwe cha pamba tupu, bafta au marekani. Jina marekani lenyewe linatokana na pamba iliyoletwa pwani yetu katika karne ya 19 na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na mpaka leo ukilitaja dukani muuzaji anakuelewa. Hata hivyo, usiyaamini maneno ya muuzaji kuhusu pamba tupu. Chomoa nyuzi mbili za kitambaa, uziwashe kwa kiberiti: nyuzi za pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu mepesi, ilhali zenye poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Kitambaa chenye kishanga hakitashika rangi hizi, na hakuna ufundi utakaokiokoa.

Bafta yenye upana wa sentimita 114 inatoa vipande vitatu kwa kila mstari, hivyo vipande 30 vinahitaji mita 3 na sentimita 40. Ukijumlisha pindo, ukanda wa jina, kusinyaa kwa kitambaa na vipande vya akiba, nunua mita 7. Kifue chote kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kukata, kwa sababu kitambaa cha dukani kina wanga unaozuia rangi kupenya, na ukikata kabla ya kufua vipande vitasinyaa kila kimoja kwa kiasi chake, halafu siku ya kushona utagundua kwamba hakuna pembe inayokutana na mwenzake.

Mahali, maji na majira

Tafuta ua wenye kivuli upande mmoja na upepo unaopita. Chumba kilichofungwa hakifai, kwa kuwa moshi wa nta na harufu ya dawa za rangi vinaumiza kifua. Moto na rangi vikae pande mbili za ua zenye umbali wa hatua kumi au zaidi, na njia ya kupita kati yake iwe wazi, bila kamba wala ndoo.

Kwa siku ya kuchovya weka akiba ya maji lita 300, yaani jaba moja kubwa na ndoo kadhaa, hata kama bomba linatoka. Bomba linalotoka leo si ahadi ya Jumamosi ijayo. Kwa pwani, epuka miezi ya masika, Machi hadi Mei, kwa sababu vitambaa havitakauka kwa wakati. Juni hadi Septemba ni miezi mizuri, na Januari pia inafaa, ila upepo wa kaskazi huleta vumbi linalonata kwenye nta mbichi, kwa hiyo kamba ziwekwe mahali palipokingwa.

Panga Jumamosi nne zinazofuatana. Wiki nzima kati ya hatua moja na nyingine inaonekana kama kupoteza muda, lakini ndiyo inayowaruhusu watu kukausha, kufikiri, na kuzungumza kuhusu jina la kanga, mazungumzo ambayo kwa uzoefu wangu ndiyo yanayowarudisha.

Jumamosi ya kwanza: kufunga pindo

Kata kanda mbili za sentimita 184 kwa 24 na mbili za sentimita 209 kwa 24. Kitambaa kikikosa urefu huo kwa upande mmoja, unga vipande kabla ya kufunga, ili mshono upakwe rangi pamoja na vingine.

Waonyeshe washiriki mafundo matatu tu. La kwanza ni la kukunja ukanda kama kipepeo cha mkono na kuufunga kwa uzi kila baada ya sentimita tano, ambalo hutoa mistari. La pili ni la kufungia mbegu za ukwaju au choroko ndani ya kitambaa, ambalo hutoa duara ndogo. La tatu ni la kupiga bandi kwa mkono kufuata mstari uliochorwa, kisha kuvuta uzi hadi kitambaa kijikunyate na kuukaza. Hilo la tatu hutoa ua linaloonekana kama limepigwa kwa sindano ya moto, na watu wakiliona mara moja hawataki mengine.

Uzi ukazwe kweli. Fundo legelege ndilo chanzo cha malalamiko yote ya siku ya kufungua, kwa sababu rangi hupenya chini yake na mahali palipotarajiwa kuwa peupe panakuwa na ukungu. Kipimo changu ni hiki: ukiweza kupitisha ukucha chini ya uzi, funga upya.

Siku hii watoto wanakaribishwa bila hofu, maana hakuna moto wala dawa. Kuanzia Jumamosi ya pili watoto wabaki nyumbani, au wapewe kona yao ya kuchora kwa uji mzito wa unga wa muhogo, mbinu ambayo Wayoruba wa Nigeria wameitumia kwa vizazi katika vitambaa vyao vya adire. Uji huo ukikauka kabisa huzuia rangi kama nta inavyofanya, ingawa haustahimili maji kama nta.

Jumamosi ya pili: nta

Yeyusha sehemu 2 za mishumaa kwa sehemu 1 ya nta ya nyuki. Mshumaa peke yake hupasuka sana na kumwaga vipande njiani, na nta ya nyuki peke yake, hata ile nzuri ya Tabora, hulainika mno na gharama yake ni kubwa. Anayependa mipasuko mingi yenye mishipa ya rangi aongeze mshumaa.

Nta isiwekwe juu ya moto moja kwa moja. Chukua sufuria yenye maji, weka ndani yake kopo au sufuria ndogo yenye nta, na mkaa uwe wa wastani. Jiko moja liwahudumie watu watano, basi. Kando ya kila jiko kuwe na mfuniko unaoenea na ndoo ya mchanga, na kila mshiriki aambiwe kwa sauti, kabla hajashika brashi, kwamba nta ikiwaka moto haimwagiwi maji. Maji huirusha nta inayowaka juu ya watu. Moto huo hufunikwa kwa mfuniko, kisha jiko huondolewa chini yake.

Nta yenye joto linalofaa huingia kitambaani na kukifanya king'ae kama karatasi iliyopakwa mafuta, hata ukikigeuza upande wa nyuma. Ikiwa inakaa juu, nyeupe kama ukoko wa ugali, imepoa, na rangi itapita chini yake. Mfundishe kila mtu kugeuza kipande chake baada ya kila mistari michache na kukitazama dhidi ya mwanga, kwa maana kasoro iliyoonekana sasa hurekebishwa kwa brashi moja, na iliyoonekana baada ya rangi haina dawa.

Kwa mihuri ya kupigia nta, sponji ya godoro chakavu iliyokatwa kwa wembe na kubandikwa kwenye kibao inatosha. Kuhusu michoro, weka sharti moja tu: kila kipande kioneshe kitu kinachopatikana mtaani, awe mnazi, kisima, baiskeli ya muuza samaki au mlango wa msikiti. Nilipoacha watu wachore watakacho, nilipata simba kumi na wanne. Tanga mjini hatuna simba.

Jumamosi ya tatu: rangi

Hii ndiyo siku ya hatari, nami nitakaa hapa kwa muda. Rangi zinazotumiwa kwa batiki katika masoko yetu ni hasa rangi za vati, ambazo haziyeyuki zenyewe katika maji. Zinahitaji kostiki soda na haidrosi (unga wa sodium hydrosulphite) ili ziyeyuke na kuingia katika uzi. Kostiki huunguza ngozi na kupofusha macho. Glavu ndefu za mpira, miwani ya kukinga macho, barakoa na viatu vya kufunika vidole si mapambo ya picha. Asiyekuwa navyo asikaribie beseni. Kostiki ikimgusa mtu, aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, bila siki wala ndimu, na ikiwa ni jicho apelekwe hospitali baada ya hapo hata akisema amepona.

Vyombo viwe vya plastiki, vya chuma cha pua au vya enameli isiyobanduka. Mwaka wa kwanza, kwa haraka zangu, nilichukua sufuria ya alumini ya kupikia pilau. Kostiki ilianza kuila palepale: ikachemka bila moto, ikatoa povu la kijivu na hewa ambayo kumbe ni ya kuwaka, nasi tulikuwa na jiko hatua chache kutoka hapo. Sufuria ilitoboka, na mwenyewe sijamlipa kikamilifu hadi leo.

Kwa mita 4 hivi za kitambaa kipimo chetu ni vijiko 2 vya chakula vya rangi, vijiko 2 vya kostiki na vijiko 4 vya haidrosi. Koroga rangi katika nusu lita ya maji ya moto mpaka mabonge yaishe. Katika chombo kingine weka lita moja ya maji baridi, kisha nyunyiza kostiki ndani yake kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mti. Kostiki huenda kwenye maji. Maji hayamwagwi juu ya kostiki, kwa kuwa huchemka ghafla na kuruka usoni. Maji hayo yatapata joto yenyewe, nalo ni jambo la kawaida. Changanya vyombo hivyo viwili, nyunyiza haidrosi, funika, na usubiri dakika 10 hadi 15.

Ukifunua utaona kitu kinachowashangaza watu kila mara: rangi ya buluu imegeuka kuwa ya kijani au ya manjano, na juu yake pana utando wa shaba. Haijaharibika, bali imekuwa tayari. Imimine katika beseni lenye lita 10 za maji baridi, ukihakikisha mchanganyiko wote hauzidi uvuguvugu, la sivyo nta ya Jumamosi iliyopita itaanza kuyeyuka.

Lowesha kila kipande kwa maji safi kwanza, kisha kizamishe kwa upole, ukikigeuza chini ya maji bila kukiinua, kwa dakika 15. Ukikitoa, kitambaa kitakuwa na ile rangi ya ajabu ya beseni. Kitundike kivulini. Mbele ya macho ya wote, hewa itaanza kukibadilisha, kwanza pembeni, kisha katikati, mpaka baada ya dakika 20 au 30 buluu iwe imekamilika. Simamisha kazi zote wakati huo ili kila mtu aone, na utumie nafasi hiyo kueleza kwamba kitambaa kilichokunjamana kambani kitabaki na mabaka, kwa sababu hewa haikufika kwenye mikunjo.

Vipande vyote 30 na kanda zote za pindo zipite katika rangi iliyochanganywa siku hiyo hiyo kwa kipimo hicho hicho. Mkono wa kila mtu una tabia yake, na rangi moja ndiyo itakayoifanya kazi ya watu 15 ionekane kanga moja. Beseni likianza kurudi buluu kabla ya kazi kuisha, haidrosi imechoka; ongeza kijiko kimoja na usubiri. Kopo la haidrosi lenyewe lifungwe vizuri na liwekwe pakavu, kwani likipata unyevu hupata joto na laweza kuwaka.

Suuza vipande mpaka maji yatoke meupe. Kisha chemsha maji yenye sabuni katika pipa au sufuria kubwa na utumbukize vipande vichache vichache, ukivichukua kwa mti vikiwa bado vya moto, maana ukingoja maji yapoe nta itarudi kitambaani. Nta iliyoelea iachwe igande usiku kucha, iondolewe na itunzwe kwa warsha ijayo. Inayobaki kitambaani itolewe kwa pasi, kipande kikiwa kati ya magazeti.

Maji machafu yasimwagwe mferejini wala ufukweni. Chimba shimo mbali na kisima na bustani, yaongezee maji yaliyotumika kusuuzia, yamimine polepole, na ulifukie shimo jioni hiyo hiyo.

Jumamosi ya nne: jina na mshono

Jina liwe limekubaliwa wiki moja kabla, na hapa msimamizi anahitaji hekima kuliko ufundi. Majina ya kanga, tangu yale ya zamani yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, yana kazi ya kusema yale ambayo mdomo hauwezi, na majirani wanalijua hilo vizuri sana. Katika warsha yetu mojawapo lilipendekezwa jina lenye kutaja jirani mwema, na dada mmoja akasimama akauliza limeelekezwa kwa nani. Tulipoteza saa nzima. Tangu hapo nakusanya majina kwenye vikaratasi bila kutaja waliopendekeza, nayasoma yote kwa sauti, na lolote linalomfanya mtu mmoja ajisikie amesemwa linawekwa kando bila mjadala.

Andika jina kwa penseli kwenye ukanda wa sentimita 184 kwa 19, herufi ziwe na kimo cha sentimita 8, na wadarizi wawili au watatu waanze pande tofauti kwa mshono mmoja waliokubaliana.

Wakati huo wengine wapange vipande vya mji juu ya mkeka, wavizunguke, wabadilishane. Ukiisha mpango, piga picha na uandike namba nyuma ya kila kipande, kwa sababu upepo mmoja tu utavuruga yote. Pigeni bandi mistari mitano ya vipande sita sita, mshone kwa cherehani, mpige pasi mishono, kisha muunge mistari hiyo. Ukanda wa jina unafuata chini, halafu pindo la juu na la chini, na mwisho pindo za ubavuni.

Fedha na umiliki

Gawanya gharama zote kwa idadi ya washiriki kabla ya kutangaza mchango, na usisahau mkaa, maji, usafiri wa vifaa na chai, ambavyo karibu kila kikundi husahau. Kwa Tanzania, ofisi za SIDO (Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo) mikoani zimekuwa zikifundisha ufundi wa namna hii, na kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kikisajiliwa kinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Ushauri wangu ni kutokopa kwa ajili ya warsha ya kwanza.

Siku ya kwanza kabisa, andikeni kwenye daftari kanga hii ni ya nani, itakaa wapi, na ikija kupata mnunuzi fedha itagawanywaje, kisha kila mmoja atie sahihi. Kabla haijatundikwa, kila mshiriki ashone jina lake kwa uzi mweupe nyuma ya vipande vyake. Nyuma ya pindo la juu shonea mfuko mrefu wa kupitishia ufito, wenye upana wa sentimita 8, ili uzito ugawanyike na pembe zisilegee, na chagua ukuta usiopigwa na jua la mchana.